Siku moja maishani mwangu: masweta ya shule na nguzo za Kisenyi

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua kibanda, hapa Kisenyi, Kampala. Chai, chapati, mafuta kidogo kwenye mashine ya kufumia, kazi inaanza. Shule zinakaribia kufunguliwa, kwa hiyo hadi adhuhuri ni masweta tu: maruni, kijani, bluu ya giza.

Saa saba nageukia mabaki. Kila koni ya uzi huacha kipande kisichotosha hata mkono wa sweta, na hizo ndizo rangi ninazovisha vitu vya mtaani. Leo ni zamu ya nguzo ya chuma kwenye stegi ya boda, yenye kutu na mabango ya waganga. Utepe unasema mzunguko ni sentimita 34. Nafuma 30, maana uzi huvutika. Nikifuma sawasawa, vazi litateleza hadi chini kabla ya jioni.

Saa tisa na nusu naenda kulishonea palepale, mshono upande wa ukutani. Vijana wa boda wananizunguka.

“Mama, iwekee na mfuko basi!”

Naiwekea. Kabla sijakata uzi, mmoja ameshatumbukiza kitana chake humo. Wapita njia wanaligusa vazi, wanacheka, wanauliza. Kwa hilo tu mchana wangu umelipwa.

Mwaka 2005, mwenye duka mmoja, Magda Sayeg, alifumia vazi kitasa cha mlango wa duka lake Houston, Marekani, kisha nguzo ya alama ya barabarani, na mtindo huu wa kuvisha vitu vya mtaani ukaenea miji mingi. Mimi nina masharti yangu. Uso wa alama siufuniki, dereva anauhitaji. Mti siubani. Nguzo ya umeme siigusi kabisa. Na nguo iliyochakaa lazima niivue mwenyewe: uzi wetu ni akriliki, hauozi, na kinachodondoka hapa husombwa na mvua hadi mfereji wa Nakivubo, kisha Ziwa Victoria. Mtaa haupambwi kwa kuongezewa takataka.

Ndiyo maana saa kumi na moja navua vazi la zamani kwenye reli ya ngazi. Limeshika matope. Nalifua, litajaza mto wa kulalia.

Nikifunga, mzee fundi viatu ananiita. Anataka benchi la wateja wake livikwe njano na nyeusi. Njano ninayo. Nyeusi nitaitafuta kesho soko la Owino.