Panya wa upepo mtupu

Alhamisi, usiku

Leo ni siku ya 21 ya jaribio letu la kuponya mishipa ya fahamu ya panya, na kidole changu cha shahada kina wino wa bluu. Nilivua glavu moja ili nimshike vizuri panya mmoja mkorofi, naye akanikanyaga kwa makusudi. Nimeoga, nimesugua kwa limau, wapi! Hata tambi nimekula na kidole cha bluu.

Kazi yenyewe ukiitazama ni kama mchezo wa watoto. Unachovya miguu ya nyuma ya panya kwenye wino, unamweka mwanzo wa ujia mwembamba uliotandikwa karatasi nyeupe, naye anakimbilia kisanduku chenye giza kule mwisho. Halafu unakaa na rula. Mguu mzima unaacha alama fupi yenye vidole vilivyotanuka kama unyayo wa kuku. Mguu ambao neva yake, yaani mshipa wa fahamu, imeumizwa unaacha alama ndefu, vidole vimebanana. Vipimo hivyo vinaingizwa kwenye hesabu, na jibu likikaribia sifuri panya anatembea kama zamani; likikaribia hasi 100, mguu haufanyi kazi kabisa.

Wiki tatu zilizopita kila mmoja wao alilazwa kwa nusukaputi, neva kubwa ya pajani ikafunuliwa na kubanwa kwa koleo. Kabla ya kushonwa, baadhi yao walipulizwa plazima baridi kwa kifaa kama kalamu, tuone kama neva itapona vizuri zaidi. Siku yangu ya kwanza hapa Ujerumani niliogopa kuweka kidole mbele ya ile kalamu. Inatoa kijimoto cha zambarau, inavuma taratibu, na inanukia kama hewa baada ya radi. Nilipoweka, nilihisi kama mtu ananipulizia pumzi tu. Ni gesi ya argoni iliyopitishiwa umeme. Elektroni zake zina joto la maelfu ya nyuzi, lakini ni nyepesi mno, na atomi zenyewe zinabaki vuguvugu. Cheche ya mkaa ikikurukia mkononi huungui, ilhali ukigusa sufuria unapiga kelele. Mimi nilielewa hivyo.

Kijimoto hicho kikikutana na hewa kinazaa kemikali za oksijeni na nitrojeni zenye ukali wake. Kidogo chake kinaweza kuzishtua seli zianze kujijenga. Kikizidi kinaziua, ndiyo maana wengine wanakijaribu kwenye seli za saratani. Kwa vidonda vya ngozi, vifaa vya namna hii viliruhusiwa hapa mwaka 2013. Neva ni habari nyingine. Imejificha chini ya misuli, na plazima haizami ndani, kwa hiyo lazima upasue kwanza. Ndiyo hofu yangu kubwa hata kama matokeo yatapendeza: nani atakubali kupasuliwa upya ili apulizwe?

Ila kinachonikosesha usingizi leo si hicho. Ni kwamba panya wote wanapona.

Neva iliyobanwa bila kukatika hurudi yenyewe. Uzi wa ndani unakufa kuanzia pale ulipoumia kwenda chini, seli za Schwann, zile zinazouzunguka uzi huo, zinafagia mabaki, kisha uzi mpya unaota ukifuata mrija uleule wa zamani. Kwa binadamu unakwenda kama milimita 1 kwa siku. Kwa panya ni haraka zaidi, kwa hiyo wiki ya tatu au ya nne unamwona anakimbia na unataka kushangilia. Ndiyo sababu kuna kundi lililopulizwa gesi ileile, kalamu ileile, sekunde zilezile, umeme ukiwa umezimwa. Upepo mtupu. Nani ni nani sijui. Orodha iko kwenye bahasha kwa mwenzangu, na mimi napima nyayo za vizimba A na B bila kujua nampima yupi. Kizimba B kinanipendeza zaidi, na nimejikataza kabisa kukisia.

Nikiwa na rula hiyo mkononi huwa namkumbuka mdogo wangu. Mwaka juzi alianguka na bodaboda, mfupa wa mkono ukavunjika juu ya kiwiko na neva inayoupitia ikaumia. Kiganja kikawa kinaning'inia kama kitambaa kilichoanikwa. Mama alimchua kwa mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, akihesabu siku. Mwezi wa tano kiganja kikaanza kuinuka. Leo anaendesha tena, na Korogwe nzima inajua ni mafuta ya mama. Mimi nilijaribu kueleza habari za milimita kwa siku, nikaambiwa kusoma kumeniharibu.

Jioni hii alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Panya wako hawajambo?"

"Hawajambo, wanatembea."

"Unawapaka nini vile?"

"Wengine walipulizwa ule moto baridi niliokwambia. Wengine upepo tu."

"Na hao wa upepo wanapona?"

"Nao wanapona, mama."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria.

"Kumbe na wewe," akasema, "una mafuta yako ya nyonyo."