Umesimama wapi?

Picha iko ukutani kwa baba mkubwa, juu ya redio, lakini mimi bado sijatulia.

Mnamjua baba mkubwa wa Kibosho, kule mlimani, hasemi neno la bure. Jumapili nilimpelekea ile picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, niliyoichapa kubwa, ile ya alfajiri, barafu ina rangi ya waridi na migunga chini bado ni vivuli. Aliishika kwa mikono miwili, akasogea nayo dirishani, akanyamaza. Kisha:

"Umesimama wapi?"

"Kule chini, baba, karibu na mashamba ya miwa ya Arusha Chini."

"Aa. Basi huu ni mlima wa watu wa tambarare."

Akanishukuru, akaitundika, tukaendelea na mbege, pombe yetu ya ndizi. Tangu hapo sendofu ya Neema imefanyika na imefana, studio imepata ile kazi ya hoteli tuliyoisubiri tangu Januari, na mimi kila nikikaa peke yangu nasikia hilo tu. Mlima wa watu wa tambarare. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nimemjibu sana kimoyomoyo. Kwamba kihambani kwake, kwenye shamba la nyumbani, unaona kilele tu juu ya migomba na msitu, lakini ukishuka unapata umbo zima: Kibo mita 5,895, Mawenzi mita 5,149, na ule uwanda mrefu kati yao. Kwamba lenzi pana ingeufanya mlima uwe kilima kidogo chini ya anga, ndiyo maana nikafunga ya milimita 200. Kwamba niliondoka nyumbani usiku, kwa kuwa mara nyingi ikifika saa nne asubuhi mawingu yameshaufunika. Nikamleta hata Ansel Adams, yule mpiga picha wa Marekani. Mwaka 1927, mbele ya mwamba wa Half Dome kule Yosemite, alikuwa amebakiza sahani mbili za kioo za kupigia picha. Ya kwanza akaipiga kwa filta ya manjano, akaona haibebi alichokihisi. Ya pili akaweka filta nyekundu, na anga likatoka karibu jeusi. Nani alimuuliza amesimama wapi?

Hapo ndipo hoja yangu ilipokwama, maana filta ilikuja mwisho. Kwanza alibeba mzigo wake wa kamera kwenye theluji mpaka ule ukingo unaotazamana na uso wa mwamba. Na kila mpiga picha anajua jambo hili, hata kama halisemi: ukibaki pale pale ukabadilisha lenzi, uwiano wa mgunga na mlima haubadiliki hata kidogo. Lenzi inachagua tu ukubwa wa kipande utakachokata. Ukitaka mlima uumeze mti, urudi nyuma, mbali na mti. Mengine yote yanafuata baada ya miguu. Baba mkubwa hajawahi kushika kamera, na aliuliza swali lenyewe hasa.

Ijumaa nikapanda tena Kibosho. Hakuniuliza nimefuata nini. Alichukua fimbo yake, tukafuata mfongo, ule mfereji wa maji, hadi nyuma ya mikahawa, mahali ambapo miti imeachana.

"Mimi huwa nautazamia hapa. Baba yangu pia."

Akainua fimbo. "Ule ulimi wa barafu ulikuwa unashuka mpaka lile jiwe jeusi. Unaliona?"

Nililiona. Nimesoma kwamba kati ya 1912 na 2011 Kilimanjaro ilipoteza karibu asilimia 85 ya barafu yake, na takwimu hiyo nimewahi kuisema mbele ya watu. Jiwe sikulijua. Nilifurahi mno, hata mikono ikanitetemeka nikifunga kamera kwenye stendi. Lenzi ya milimita 50, urefu wa kiuno, kigingi ardhini, saa na tarehe kwenye daftari. Nitarudi mwezi kama huu kila mwaka, nisimame palepale, ili picha zilaliane sawasawa na jiwe libaki mahali pake. Ile ya tambarare sijaacha kuipenda. Nimemwomba tu aniachie nafasi ya nyingine pembeni yake, akasema ukuta upo.

Baraka wetu, aliye shule ya bweni, hajapiga simu wiki hii. Kila Ijumaa jioni huazima simu ya patroni, dakika mbili tu, hata wakati wa mitihani. Patroni naye hapokei. Mama ameshaniuliza, nikamwambia labda ni mtandao.