Lifti za viti za kwenye theluji: waya unaogopwa bure, breki ndo habari

Naona ile video ya Gudauri imerudi tena kwenye magrupu. Kila baada ya muda inaibuka, mtu anaandika "duh hii dunia" na emoji za kushika kichwa alafu inasambaa upya. Kwa ambao hamjaiona, ni Georgia, ile nchi iliyopakana na Urusi sio jimbo la Marekani, tarehe 16 Machi 2018, lifti ya viti inayopandisha watu mlimani wakateleze kwenye theluji inarudi kinyumenyume kwa spidi ya ajabu, viti vikifika kituo cha chini vinapigwa kona vinarushwa vinajikunja vinarundikana, na watu waliokaa juu yake wanaruka kabla hawajafika pale, na chini watu wanapiga kelele ruka ruka. Hakuna aliyekufa. Waliumia watu kadhaa na ukiiangalia unajiuliza waliponaje.

Mi ni fundi lifti, hizi za majengo, Dar hapa hapa, theluji naiona kwenye simu tu. Lakini lifti ni lifti, na video hiyo nikitumiwa huwa inakuja na swali lile lile, "fundi, waya ulikatika?" Haukukatika. Na ndo maana nimeona niandike mara moja tu niwe nawatumia link, maana karibu kila mtu anaogopa kitu ambacho sicho.

Tuanze na huo waya. Kwenye lifti ya viti waya hauna mwanzo wala mwisho, ni duara moja refu linalozunguka gurudumu kubwa la chini na gurudumu kubwa la juu, katikati unapita juu ya makapi, yaani magurudumu madogo yaliyofungwa kwenye nguzo. Ukishaelewa kwamba ni duara utajiuliza zile ncha mbili ziliunganishwaje, sababu fundo haliwezi kupita kwenye kapi. Wanafumua waya pande zote mbili, nyuzi zake sita nene wanazisokota upya zikiingiliana, alafu ncha ya kila uzi wanaizamisha ndani ya waya sehemu yake tofauti ili pasiwe na mahali panapovimba. Urefu wa hilo ungio kwa kanuni za Ulaya ni mara 1,200 ya unene wa waya, yaani waya wa milimita 40 ungio lake ni mita 48! Hamna gundi hamna boliti, msuguano tu, waya ukivutwa nyuzi zinabanana zaidi. Hiyo ni kazi ya mikono na mafundi wanaoijua vizuri sio wengi, wanasafirishwa mlima hadi mlima. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kwenda kukiona kwa macho yangu kwenye hizi lifti nachagua hicho, hiyo theluji baadaye.

Na waya wenyewe unapimwa kwa sumaku. Kuna kifaa kinafungwa juu yake, waya unapita katikati taratibu, palipo na uzi uliokatika ndani hata kama kwa macho huoni kitu mashine inaandika. Kwa hiyo waya ukichoka unatoa taarifa mapema sana, kama kuna mtu anasoma hizo taarifa.

Sasa kwa nini lifti irudi nyuma. Chukua lifti ya watu wanne wanne, tuseme upande wa kupanda kuna viti 60 vimejaa, hao watu 240, weka kilo 80 kila mmoja na nguo zake na vifaa vyake vya kutelezea miguuni, unapata zaidi ya tani 19 zinaning'inia upande mmoja. Upande wa pili viti vinashuka vitupu, maana hao watu wakifika juu wanashuka kwa kuteleza hawarudi na lifti. Yaani muda wote mzigo wote unataka kurudi chini, na mota kazi yake sio kupandisha tu, inazuia pia. Lifti za majengo tuna uzito wa upande wa pili wa kusawazisha, hawa hawana. Wakiachia, imeondoka.

Ndo maana breki haiwi moja. Kuna ya kawaida inayokaa kwenye shafti ya mota, kabla ya giaboksi. Kuna ya dharura inayobana gurudumu kubwa lenyewe. Na lifti nyingi zina kitu cha ziada, ulimi wa chuma ambao gurudumu likianza tu kurudi kinyume unadondoka na kulikamata, kama racheti. Na breki zenyewe zimetengenezwa kinyume na mtu anavyodhani: springi ndo inafunga, mafuta ya haidroliki au umeme ndo unafungua. Umeme ukikatika, paipu ikipasuka, springi inajibana yenyewe. Lifti unayopanda ofisini kwako ni hivo hivo, umeme ukienda breki inashika, kwa hiyo TANESCO wakikata ukiwa humo ndani utakasirika tu, hutadondoka.

Kwa nini breki ya kwenye mota haitoshi waulize watu wa Sugarloaf, jimbo la Maine, Marekani. Machi 2015 lifti yao inaitwa King Pine ilirudi nyuma zaidi ya mita 100 na watu wakaumia. Kilichovunjika kiko ndani ya giaboksi. Shafti ikishakatika kule ndani mota na gurudumu hawajuani tena, breki ya kwenye mota inaweza kubana vizuri kabisa na isisaidie kitu, sawa na kukanyaga pedeli za baiskeli ambayo cheni imeshakatika. Hapo inabaki breki ya gurudumu na ule ulimi, na vyote viwili vinatakiwa viwe vimejaribiwa karibuni, sio vimepakwa rangi karibuni.

Na Gudauri je? Umeme ulikatika, lifti ikasimama na watu juu, na uchunguzi ukaishia kwa waendeshaji, kwamba hatua walizochukua baada ya hapo hazikuwa sahihi. Chuma hakikuwa kimevunjika. Hizi lifti huwa na injini ya dizeli ya akiba kwa ajili ya hali kama hiyo, ila kutoka kwenye mota kwenda kwenye dizeli kuna mpangilio wake, nini kinafungwa kwanza nini kinaachiwa baadae, na huo mpangilio mtu anatakiwa awe ameufanya kwa mikono yake mara nyingi siku ambayo hakuna abiria, sio ausome kwenye karatasi ya ukutani huku watu wananing'inia kwenye baridi wanamtukana.

Hapo sasa ndo naingia kwenye kitu ninachokipenda kwenye hii fani. Huwezi kujua breki ni nzima kwa kuiangalia. Lazima uifanyie fujo. Elisha Otis, Mmarekani aliyebuni breki ya usalama ya lifti, mwaka 1854 kule New York alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya umati akaamuru kamba ikatwe, jukwaa likashuka kidogo likanasa. Mpaka leo ndo tunachofanya, lifti ya jengo breki yake inatakiwa isimamishe mzigo wa asilimia 125 ikiwa inashuka kwa spidi yake kamili. Kwenye lifti za viti wanabeba maji: wanafunga madumu na mapipa kwenye viti vya upande wa kupanda mpaka yafike asilimia 110 ya mzigo uliokusudiwa, wanaiendesha, alafu wanaanza kuichokoza. Breki ya kawaida peke yake, inasimama ndani ya umbali gani? Breki ya dharura peke yake? Zima umeme ghafla. Alafu lile la kurudi nyuma, unaiacha ianze kurudi uone ule ulimi unadondoka au unakuangalia tu. Kila kitu kinapimwa na kuandikwa, mita ngapi sekunde ngapi, na kusimama haraka mno nako ni kufeli sababu watu watarushwa kwenye viti.

Kuna kifaa kimoja kidogo nakihusudu. Kwenye kila nguzo pembeni ya makapi wanaweka kijiti dhaifu chenye waya wa umeme ndani yake, kimetengenezwa kivunjike. Waya mkubwa ukiruka kutoka kwenye kapi, labda upepo umeupiga, unakivunja, umeme wa usalama unakatika na lifti nzima inasimama. Hakuna kompyuta hapo. Desemba 2010 hapo hapo Sugarloaf waya wa lifti nyingine uliruka siku ya upepo mkali, viti vitano vikaenda chini, kwa hiyo sio kwamba kijiti kinazuia kila kitu, kazi yake ni kusimamisha lisiendelee.

Alafu vishikio. Kiti kinaning'inia kwenye waya kwa kubanwa, kwa hiyo kile kibanio ndo maisha yako. Lifti za kizamani kibanio hakiachii, lifti inaenda kama mita 2 na nusu kwa sekunde na unapanda hivo hivo inatembea. Za kisasa kinajiachia kikifika kituoni, kiti kinapunguza spidi upande kwa raha, alafu kinabana tena waya unaoenda mita 5 kwa sekunde. Kila kinapobana kuna sensa inapima kama nguvu inatosha, ikiwa pungufu lifti inasimama. Kwenye zile za kizamani inabidi vibanio vihamishwe kila baada ya muda, vinasogezwa kidogo kwenye waya, vinginevyo waya unachoka pale pale panapobanwa. Na vibanio vinafunguliwa kwa zamu vinapelekwa karakana, vinapakwa unga wa chuma na kutiwa sumaku ili ufa mdogo kama unywele ujionyeshe.

Hayo masharti hayakuandikwa na watu waliokuwa wanajifurahisha. Kulikuwa na kampuni ya Marekani, Lift Engineering, watu walikuwa wanaiita Yan kwa jina la mwenye nayo, lifti zake zilikuwa nzuri kwa macho na bei yake ilikuwa ya kuvutia. Desemba 14, 1985, Keystone, Colorado, gurudumu kubwa la lifti yao liliachia kwenye welding, lifti ilikuwa bado mpya, watu wawili walifariki na makumi wakaumia. Miaka kumi baadae, Desemba 23, 1995, Whistler kule Kanada, lifti yao inaitwa Quicksilver ikasimamishwa kwa dharura, kiti kimoja kikateleza kwenye waya kikagonga kingine, viti vinne vikaanguka, watu wawili wakapoteza maisha. Kibanio chao kilikuwa kinatumia mpira mahali ambapo wengine walitumia springi ya chuma. Mpira kwenye baridi ya Kanada, fikiria mwenyewe. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika na viwanja vingi vya kuteleza kwenye theluji vikaingia gharama ya kubadilisha vile vibanio.

Ila kinachonikera mimi kuliko welding mbovu ni cha Mottarone, Italia, Mei 23, 2021. Ile haikuwa ya viti, ni kibanda kinachoning'inia kwenye waya wa kubeba na kuvutwa na waya mwingine, lakini ugonjwa ni ule ule. Waya wa kuvuta ulikatika kibanda kikiwa karibu kabisa na kituo cha juu. Sawa, waya umekatika, mara chache sana inatokea, na kwa ajili hiyo kibanda kina breki inayong'ata waya ule mwingine wa kubeba. Breki haikung'ata. Ilikuwa imefungwa kwa vyuma vyenye umbo la uma visivyoiruhusu kufunga, na viliachwa makusudi, sababu breki ilikuwa inajifunga ovyo na kusimamisha safari. Watu 14 walikufa, akapona mtoto mmoja wa miaka mitano.

Mi hilo jambo nalijua kwa sauti yake kabisa. "Fundi, hiyo sensa ya mlango inawasumbua wapangaji, si uiruke tu kwa leo?" Namjibu, "bosi wangu," hiyo sensa haisumbui, inalalamika, tutafute inalalamikia nini. Hapo kuna wanaonielewa na kuna wanaotafuta fundi mwingine, na huyo fundi mwingine huwa anapatikana siku hiyo hiyo. Breki inayojifunga ovyo ina sababu, labda mafuta yanavuja, na wiki unayoifunga kwa chuma ili biashara iendelee unakuwa umeondoa kitu pekee kilichobaki kati ya abiria na ule mteremko.

Watu wa lifti za viti wana sifa moja, siku ikigoma kabisa wana namna ya kumshusha kila mtu mmoja mmoja. Waokoaji wanapita chini, wanarusha kamba juu ya waya mkubwa, wanampandishia abiria kijikalio anakipitisha mwilini anateremshwa taratibu, alafu kiti kinachofuata. Inachukua masaa. Wanaifanyia mazoezi kila msimu kabla ya kufungua, na kuna mafundi wanajitolea kukaa juu wawe abiria wa mazoezi.

Sasa mnakumbuka 2019 serikali iliposema inafikiria kuweka lifti ya nyaya Kilimanjaro? Tulibishana sana, wapagazi na waongoza watalii wakasema tutakula wapi, wengine wakasema mazingira, na yote yalikuwa maswali ya haki. Mi nilikuwa nasubiri kuna siku mtu mmoja tu, waziri au mwandishi au hata mlevi wa mtaani, aulize jaribio la breki la kila mwaka litasimamiwa na nani, na atakayesaini akisema leo haifunguliwi atasikilizwa au ataambiwa kuna watalii wameshalipa. Likirudi tena mezani naomba waanze na hapo, alafu watuonyeshe na mahali watakapojazia mapipa ya maji.