Siku moja maishani mwangu: kuku, Mufindi na utitiri usiosikia dawa

Saa 11 alfajiri

Mufindi ya mwezi wa saba ni baridi ya kuuma, na ukungu unafika mpaka kizingitini. Kabla ya chai nafungua banda langu. Chini ya kila fito ya kulalia nimefunga kipande cha boksi la dukani, lile lenye mikunjo katikati, kwa sababu utitiri mwekundu ukishashiba damu usiku hutafuta mwanya wa kujibana mchana kutwa. Nafungua boksi, nalikung'uta juu ya karatasi nyeupe, nasubiri. Vumbi la kijivu likianza kutembea, nalibinya kwa ukucha. Likiacha doa jekundu najua kuku wamenyonywa usiku huo. Leo ni boksi moja tu lenye wadudu, la upande wa viota. Nalitupa motoni, nachoma na nyasi za kiota hicho, naweka mpya.

Natamani kila mfugaji angekuwa na mtego huu. Hauna gharama, na unakuambia hali ya banda kabla kuku hawajaanza kupauka.

Saa 2 asubuhi

Kazi yangu ni huduma za mifugo vijijini. Kinachonitoa nyumbani mara nyingi ni chanjo ya kideri, yaani mdondo wa kuku, tone moja jichoni kila miezi 3. Lakini siku hizi nikishamaliza matone, swali linalofuata karibu kila kaya ni lilelile: dokta, mbona utitiri hausikii dawa?

Leo naanzia kwa bibi mmoja ambaye kuku wake wanalala jikoni, kwenye kona nyuma ya mafiga.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu wamekataa kuatamia. Huyu kaacha mayai 9 yamepoa."

Tetea kuacha mayai ni dalili ya kuaminika. Anakaa kiotani siku 21, mchana na usiku, kwa hiyo wadudu wote wa nyumba wanamfuata pale pale. Akizidiwa anaondoka, na kosa si lake.

Namkamata tetea, namlaza kifudifudi mapajani, nafunua manyoya ya kuzunguka njia ya haja. Hapa ndipo watu wengi wanaporuka hatua. Utitiri si wa aina moja. Upo unaoishi juu ya kuku maisha yake yote. Huo utauona mchana kweupe, manyoya ya nyuma yamekuwa meusi yenye uchafu na ngozi imekauka magamba. Upo mwekundu, ambao mchana huoni hata mdudu wake mmoja juu ya kuku, kwa sababu makazi yake ni ukutani na kwenye fito. Wa kwanza unatibiwa mwilini mwa kuku. Wa pili unatibiwa nyumbani mwake, na ukimpaka kuku dawa mchana umempaka asiye na mdudu.

Tetea huyu mwilini ni safi. Ila upanga wake umepauka, karibu mweupe, na usoni kuzunguka macho ana viroboto waliojichimbia wakakaza. Hao siwang'oi, kwa sababu vinabaki vidonda. Nawapaka mafuta ya mgando mazito ili wakose hewa, nikiwa mwangalifu nisiguse jicho. Halafu nachukua kisu cha bibi, nakwangua ufa wa ukuta nyuma ya kiota. Unatoka unga wa kijivu, na unga unatembea. Bibi anavuta mkono haraka: "Kumbe ndio wanaotuwasha usiku!" Ndio hao hao. Utitiri mwekundu ukikosa kuku huuma hata watu, na wajukuu wake walikuwa wanapakwa dawa ya upele bure.

Saa 4

Kaya ya pili ni majogoo wawili wenye miguu iliyovimba magamba. Huo ni utitiri mwingine tena, unaochimba chini ya magamba ya miguu. Maji ya uvuguvugu na sabuni, mswaki laini, kukausha, mafuta ya mgando, na kurudia kila baada ya siku chache mpaka magamba ya zamani yadondoke. Mwenye nyumba alikuwa ameandaa kopo la mafuta ya taa. Nimemsihi aliache, yanaunguza ngozi.

Saa 6 mchana

Duka la pembejeo. Namkuta kaka mmoja mfugaji wa chotara, kashika makopo matatu, kakasirika kweli. Anasema amebadilisha dawa mara tatu, hakuna kitu.

Tunayapanga makopo juu ya kaunta, tunasoma maandishi madogo. La kwanza ni saipamethrini. La pili deltamethrini. La tatu permethrini. Rangi tofauti, viwanda tofauti, bei tofauti, lakini zote tatu ni pairethroidi. Zinamshambulia mdudu mahali pamoja, kwenye vijilango vya neva zake. Vizazi vya utitiri ambavyo vijilango hivyo vimebadilika umbo havidhuriki na ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Huko Ulaya mabadiliko hayo yameshaonekana kwa utitiri mwekundu wenyewe. Kaka huyu amenunua dawa moja mara tatu, na inaniuma, maana ni hela ya chakula cha vifaranga.

Akauliza kama unga wa pareto ungesaidia, kwa kuwa pareto ni zao letu na kiwanda kipo hapo Mafinga. Swali zuri. Pairethroidi zilitengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, na pareto hupiga pale pale. Utitiri uliozoea dawa hizo kuna uwezekano mkubwa pareto nayo itauua kwa shida. Ukitaka kubadilisha kweli, badilisha kundi. Kabarili, kwa mfano, ni ya kundi la kabamate, nayo inafanya kazi kwa njia nyingine. Muulize muuzaji kiini cha dawa, usimuulize jina la kopo.

Nikamuuliza alikuwa anapimaje. "Kizibo kimoja, ndoo moja." Lebo inasema zaidi ya hapo. Dozi pungufu inaua wanyonge na kuwaacha wagumu wazaliane, na kwenye joto utitiri mwekundu unaweza kutoka yai hadi mtu mzima ndani ya siku 7 hadi 10. Hesabu vizazi vya mwaka mmoja uone tunavyoulea usugu kwa mikono yetu.

Saa 8

Ugali na mboga, simu kadhaa. Mmoja anataka kuwamwagia kuku dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki. Nimemkatalia. Dawa isiyoandikwa kuku kwenye lebo hujui inakaa siku ngapi kwenye yai, na yai hilo unampa mtoto. Mwaka 2017 Uholanzi na Ubelgiji mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni kwa sababu mabanda yalipuliziwa dawa ya fipronili kuua utitiri huu huu. Kama wenye maabara kubwa waliponzwa, sisi tuwe makini zaidi.

Saa 10 jioni

Narudi kwa bibi. Wajukuu wameshachemsha masufuria. Tunatoa fito zote nje, tunazimwagia maji yanayotokota, hasa kwenye maungio na magome. Joto la kupita nyuzi 45 linaua utitiri, na hakuna utitiri wenye usugu wa maji ya moto. Kiota cha zamani kinachomwa chote. Nyufa zinazibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na zikikauka zitapakwa chokaa. Fito mpya tunazimenya magome kabisa na kuziweka mbali na ukuta, ili mdudu asipate pa kujificha wala daraja. Pembeni tunachimba shimo la kina kifupi, tunajaza majivu makavu yaliyochekechwa pamoja na mchanga, kuku waoge wenyewe. Bibi kakubali kuwahamisha kutoka jikoni, na wajukuu wamechagua pa kujenga kibanda.

Kazi hii itarudiwa baada ya siku 7, kwa sababu mayai yaliyonusurika yatakuwa yameanguliwa. Na asidanganyike na kibanda kitupu: kwenye ubaridi kama wetu utitiri mwekundu unavumilia njaa miezi mingi.

Saa 2 usiku

Kwa yule kaka wa makopo. Nimekuja usiku makusudi. Tunazima taa, tunakaa kimya kidogo, kisha namulika tochi chini ya fito. Wapo wengi, wanapanda miguu ya kuku kwa mstari. Kaka anashika kichwa: "Mimi nawapulizia saa saba mchana!" Saa saba walikuwa ndani ya mbao, na dawa ilikuwa juu ya manyoya.

Kwa hiyo bado hatujui kama ni usugu au ni kutowafikia, na mimi sipendi kukisia. Tunachukua mitungi miwili midogo ya kioo. Kwenye mmoja tunaweka karatasi iliyolowekwa dawa ya kopo la tatu kwa kipimo halisi cha lebo, ikakauka kidogo. Kwenye mwingine karatasi ya maji matupu. Kila mtungi unapata utitiri uliokwanguliwa kwenye fito, tunafunga kitambaa chepesi na raba. Kesho muda kama huu tutahesabu. Wakifa wote wa mtungi wa dawa, na wa mtungi wa maji wakabaki hai, tatizo ni upuliziaji: atamalizia kopo alilonalo kwa kulenga nyufa na maungio jioni. Wakibaki wengi wazima, anaacha kundi hilo zima na kununua la kabamate lenye kuku kwenye lebo.

Banda la jirani limeegemea ukuta uleule, na wadudu hawajui mpaka wa kiwanja. Kabla sijawasha pikipiki tunapiga hodi. Mama jirani anatoka na khanga mabegani, anasikiliza, anasema Jumamosi yupo, wafanye mabanda yote mawili kwa pamoja, na kuni za kuchemshia maji atatoa yeye.