Waya wa plagi namba 7: nilivyouokoa na joto la heda

Gari lilipoanza kumisi, yaani injini kurukaruka bila kuwaka sawasawa, nilishuku mafuta machafu. Nikabadilisha filta, likatulia siku mbili. Kisha nikapanda mlima mrefu, injini ikapata moto sawasawa, na lile kukohoa likarudi. Kila nilivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyozidi kutetemeka. Likipoa, linakuwa zima kabisa, na hilo ndilo lililonichosha, maana kosa lisiloonekana gereji ni gumu kulitafuta.

Injini yangu ni Chevrolet V8 ya lita 5.7, ya zamani, yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme) na waya mmoja kwa kila plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta. Nilikuwa nimetoa manifoldi nzito za kiwandani, zinazokusanya moshi wa injini, nikafunga heda, yaani mabomba marefu ya kutolea moshi huo. Zinatoa moshi vizuri, lakini bati lake ni jembamba, na mabomba yanapinda karibu mno na plagi. Injini ikibeba mzigo, bomba la heda linaweza kuvuka nyuzi 400 za Selsiasi kwa nje. Waya mzuri wa silikoni unahimili nyuzi 200 na kidogo.

Usiku mmoja nilifungua boneti gizani, injini ikiunguruma. Nikauona uzi mwembamba wa buluu ukiruka kutoka kwenye kofia (mpira wa mwisho wa waya unaofunika plagi) ya plagi namba 7, ile ya nyuma kabisa upande wa kushoto, hadi kwenye bomba la heda. Tik, tik, tik. Umeme wa plagi unaweza kufika volti 20,000 na zaidi, na ukipata ufa unaoelekea kwenye chuma, unaacha plagi unafuata ufa. Nilizima, nikasubiri ipoe, nikaishika kofia ili niivue. Ikamegeka. Mpira uliokuwa laini ulikuwa mkavu kama mkaa, na kwenye ufa kulikuwa na mstari wa kijivu mwembamba kama unywele, mahali cheche ilipokuwa ikitorokea.

Nikanunua waya mpya na soksi za faiba za kuvisha kofia, zile zinazostahimili joto la nyuzi mia kadhaa. Niliamini kazi imekwisha. Baada ya wiki chache waya uleule ukaungua tena, na soksi yake haina hata doa! Hapo ndipo nilipochuchumaa na tochi nikatazama vizuri: kofia ilikuwa imeegemea bomba. Soksi inachelewesha joto tu. Kitu kinachogusa bomba saa nzima kitapata moto hadi ndani, ukivishe unachotaka.

Basi nikageuza kazi, nikaanza na nafasi. Kofia za waya zipo zilizonyooka, zilizopinda kwa pembe ya nyuzi 45 na zilizopinda kwa nyuzi 90, na mimi nilikuwa nimefunga za 90 kwenye plagi zote bila kufikiri. Nilichukua waya mmoja mmoja, nikaujaribu kwa kila kofia injini ikiwa baridi, nikipitisha kidole kati ya mpira na bomba. Kidole kisipopita kwa raha, sifungi. Namba 7 ilikubali kofia ya nyuzi 45, waya ukatoka juu ya bomba badala ya kulalia ubavuni mwake. Kazi hiyo ilinila jioni nzima, na ndiyo iliyoniponya. Soksi nikazirudisha baadaye, juu ya nafasi hiyo. Zile zenye karatasi ya kung'aa ya alumini niliziacha. Ile ni metali, sikuitaka karibu na mdomo wa plagi.

Nyaya nilizishikilia kwa vitenganishi ili zisilale chini zinapotikisika. Hapa namba 5 na 7 zinahitaji uangalifu wa pekee. Kwenye injini hii mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, kwa hiyo 5 na 7 ni jirani na zinawaka zikifuatana. Nyaya zake zikienda sambamba zimeshikana, umeme wa 5 unaweza kuamsha 7 kabla ya wakati wake. Nimezitenganisha kabisa.

Ndani ya kila kofia nilipaka grisi kidogo ya silikoni. Bila hiyo mpira unagandia plagi, na siku ya kuuvua utavuta waya badala ya kofia. Zungusha kofia kwanza, halafu vuta.

Rafiki yangu alinishauri nizungushie heda utepe wa faiba. Unapunguza joto kweli, ila unashika unyevu, na heda zangu ni za chuma cha kawaida. Zingeoza kimyakimya chini ya utepe. Nilichofanya ni kukagua taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, nikakuta imechelewa. Taimingi ikichelewa, joto jingi linaondoka na moshi na kuipasha heda. Nikairudisha mahali pake.

Jambo jingine nililolizoea: nikisimama baada ya mwendo mkali, nafungua boneti. Hewa ya mwendo ikikatika, joto la heda linapanda moja kwa moja kwenye kofia, na dakika zile za kusimama ndizo kali kuliko safari yenyewe.

Wiki iliyopita nilivua kofia ya namba 7 tena kuikagua. Niliibonyeza kwa vidole viwili, ikabonyea na kurudi. Multimita ikaonyesha ukinzani wa waya ule umelingana na siku nilipoufunga.