Karatasi yenye mistari miwili

Lubumbashi, Jumapili usiku

Kesho saa mbili asubuhi natakiwa kurudisha karatasi. Ni ndogo tu: jina langu, nambari ya leseni, na chini yake mistari miwili, chaguo la kwanza na chaguo la pili. Kampuni iliyoniajiri ina ndege za aina mbili, Airbus A320, ambayo ni jeti, na ATR 72, ndege ya propela, na sisi marubani wapya wanne tumeambiwa kila mmoja aandike anayoitaka. Uamuzi wa mwisho ni wao, lakini wamesema watatusikiliza. Ukishapelekwa kusomea ndege moja, unasaini mkataba wa miaka mitatu. Kwa hiyo nitakachoandika usiku huu nitaamka nacho kila siku hadi nitimize miaka thelathini.

Wenzangu wote watatu wameandika A320. Hawakufikiri hata dakika moja, na siwalaumu. Saa ulizoruka na jeti ndizo utakazoulizwa popote utakapoomba kazi baadaye, na mshahara umezidi kidogo. Safari ya Kinshasa ni kilomita kama 1,570. Jeti inaimaliza kwa saa mbili na kitu, ATR inataka zaidi ya tatu. Halafu kuna watu. Ukimwambia mtu wa mtaa wa Katuba kwamba unaendesha ndeke, swali lake la kwanza ni, "Ile kubwa?"

Hata mimi niliitaka ile kubwa. Nilipokuwa shuleni Afrika Kusini nilibandika picha ya chumba cha marubani cha A320 juu ya kitanda changu. Mbele ya rubani hakuna usukani. Kuna kijiti kidogo ubavuni, na kompyuta ndizo zinazopokea amri ya mkono wako na kuifikisha kwenye mabawa. Ndege hiyo imebeba abiria tangu mwaka 1988, mimi sijazaliwa bado, na hadi leo nikiiona ikigeuka pale Luano, uwanja wetu wa ndege, moyo wangu unaruka.

Kilichoanza kunigeuza ni Ijumaa. Komanda mmoja, yaani rubani mkuu, mtu wa makamo, alitupitisha uwanjani, saa nane mchana, Oktoba hii ya jua la kupasua kichwa, maua ya jakaranda yamekauka juu ya lami. ATR ilikuwa imeegeshwa peke yake. Nikasikia injini ya kulia inanguruma, lakini nilipotazama propela yake ilikuwa imesimama tuli. Nilidhani sijaona vizuri. Komanda akaeleza: ndege hii haina ile injini ndogo ya mkiani ambayo jeti hutumia kupata umeme na hewa ikiwa chini. Badala yake propela ya kulia inafungwa kwa breki, injini inaendelea kufanya kazi nyuma yake, na ndani taa zinawaka na abiria wanapata ubaridi. Kisha akatuzungusha hadi nyuma, akafungua mlango, na ngazi ikashuka pamoja nao.

"Ndege hii," akasema, "haimsumbui mwenyeji."

Wenzangu walicheka wakaendelea mbele. Mimi nilibaki nimeshika ile ngazi. Jeti ikitua mahali, lazima pawe na gari la ngazi, kwa sababu mlango wake uko zaidi ya mita tatu juu ya ardhi. Nikaanza kuhesabu kichwani viwanja vya nchi yetu vyenye gari kama hilo, na vile visivyo nalo, na watu wanaoishi karibu na vile visivyo nalo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma bila kulala vizuri. Luano iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,300. Hewa yetu ni nyepesi tayari, na joto linaizidisha wepesi: nimepiga hesabu, kipimajoto kikifika 33, mabawa na injini vinaikuta hewa kana kwamba uwanja uko zaidi ya mita 2,200. Ndege inataka mbio ndefu zaidi kabla ya kuinuka, na baadhi ya siku inabidi kupunguza mzigo. Hesabu hiyo ni ya ndege zote mbili. Lakini kwenye jeti, nyingi ya kazi yetu ni Luano na Ndjili ya Kinshasa, viwanja vyenye njia ndefu. Rubani wa ATR ataifanya hesabu hii kwa viwanja vifupi, wiki baada ya wiki, na kosa la kilo mia chache ataliona kwa macho yake mwishoni mwa lami.

Na kuna mikono. Kwenye A320 unaziweka nyenzo za nguvu ya injini mahali pake na kompyuta inaongeza na kupunguza yenyewe. Kwenye ATR hakuna kitu hicho. Kila nguvu ni mkono wako, na ukigusa nguvu pua ya ndege inataka kuhama, mguu lazima ujibu kwenye pedali. Jeti ikienda Kinshasa na kurudi ni kutua mara mbili, na mara moja ni ya komanda. ATR ikifanya Kolwezi asubuhi na Kalemie mchana, ni mara nne. Nina saa 240 tu za kuruka. Nahitaji kutua, kutua, kutua.

Lakini ninaogopa pia. Tarehe 4 Februari 2015, mjini Taipei, ATR 72 ilikuwa imetoka tu kuruka wakati propela ya kulia ilipogeuza mapanga yake na kuacha kusukuma. Komanda akapunguza nguvu, kisha akazima injini. Alizima ya kushoto, iliyokuwa nzima. Walikuwemo watu 58, wakafa 43. Nimeisoma habari hiyo mara tatu juma hili, na kila mara nafika mahali pale mkono unaposhika wenzo usio wake nafunga macho. Kisha nikakumbuka kwamba Januari 1989, nchini Uingereza, marubani wa Boeing 737, jeti kamili, nao walizima injini iliyokuwa nzima, na watu 47 wakafa. Basi hofu yangu haiko kwenye propela. Iko kwenye mkono unaokimbia kabla ya jicho kusoma, na huo ni mkono ninaotaka kuufundisha mapema, mahali ambapo harakaharaka haifichiki.

Jioni hii nilimwambia Papa yote hayo. Papa aliendesha garimoshi miaka zaidi ya thelathini, njia ya Kamina, Kabalo, hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Alinisikiliza mpaka mwisho, bukari, ugali wetu, inapoa mbele yake. Hakuuliza mshahara. Hakuuliza ipi ni kubwa.

"Hiyo yenye mapanga," akasema, "inafika Kalemie?"

"Inafika, Papa."

Akanyamaza. Sote mezani tulijua anafikiria nini. Bibi, mama yake Mama, alifia Kalemie msimu wa mvua, reli imekatika, barabara imekuwa matope, na tiketi ya ndege ilikuwa ghali kuliko tulichokuwa nacho nyumbani. Mama alifanyia matanga hapa Lubumbashi, amekaa sakafuni sebuleni, kaburi liko kilomita zaidi ya 600 kutoka alipo. Sijui kama ATR yangu ingebadilisha kitu siku ile. Tiketi ingebaki ghali. Ninachojua ni kwamba jeti isingefika kabisa.

Mama alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka, akasema tu, "Mwanangu, ukienda kule utaniletea mikebuka." Ni samaki wa ziwa lao. Tangu msiba ule sijawahi kumsikia akitaja samaki huyo.

Sasa wote wamelala. Mstari wa kwanza nimeshaandika kwa kalamu ya wino: ATR 72. Wa pili bado uko wazi.