Panorama za mteremkoni Kibosho: kunyoosha upeo kwa timazi

Seti ya tatu ya panorama za nyuzi 360 (picha pana za mzunguko mzima, zilizoungwa kutoka picha kadhaa) kutoka Kibosho, juu ya mji wa Moshi, imekamilika na upeo wa macho umenyooka. Mbili za mwanzo zilitoka na wimbi: tambarare ya kusini imepanda, upande wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, umezama. Picha ya namna hiyo haiponi kwa kuizungusha kidogo kwenye programu ya kuhariri. Ukiinua upande mmoja, mwingine unaharibika.

Chanzo ni mhimili. Kinachotakiwa kusimama wima ni mhimili ambao kamera inauzunguka, wala si kamera yenyewe. Kwenye tripodi ya kichwa cha mpira, ambayo sahani yake ya kuzungushia iko chini ya mpira, kamera inaweza kukaa sawasawa huku sahani imefuata mteremko. Picha ya kwanza inatoka vizuri. Ukigeuza nyuzi 90, kiputo cha pimamaji kimeshakimbilia pembeni. Mhimili ukiinama nyuzi 3, upeo unapanda nyuzi 3 upande wa bondeni na kushuka nyuzi 3 upande wa mlimani. Kwenye panorama yenye upana wa pikseli 8,000, nyuzi 1 ni pikseli 22 hivi, kwa hiyo wimbi lina kimo cha pikseli 133. Hilo linaonekana hata kwenye simu.

Tripodi sasa inawekwa miguu miwili bondeni, mmoja mlimani ukiwa umefupishwa. Pimamaji inalazwa juu ya sahani, kichwa kikiwa bado hakijafungwa, na inasomwa pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Udongo wa shamba la migomba ni laini na mguu huzama, hivyo pima tena ukimaliza mzunguko. Lenzi ni ya mm 24, kamera ya fremu kamili imesimamishwa kwa urefu, picha 12, kila moja nyuzi 30 kutoka iliyotangulia.

Seti za zamani tulizirekebisha kwenye Hugin, programu ya kuunga picha ziwe panorama. Kitufe chake cha kunyoosha hakikusaidia, na sababu yake inafaa kueleweka: kinachukulia kwamba mpiga picha hakuipindua kamera kushoto wala kulia. Kwa picha za mkononi dhana hiyo mara nyingi ni sahihi. Kwa tripodi iliyoinama, picha zote zimeinama pamoja kwa mpangilio mmoja, na programu inauchukua mhimili uliolala kuwa ndio wima.

Dawa ni mistari wima. Weka nukta mbili juu ya mstari mmoja ndani ya picha ileile, kisha ruhusu programu ibadilishe mwinamo (kuinama mbele au nyuma) na ulalo (kulalia kushoto au kulia) wa picha ya nanga pia, yaani ile ambayo nyingine zote hupangwa kwa kuifuata. Ukisahau hapo, hakuna kitakachosogea. Mstari mmoja hautoshi, maana unasahihisha ulalo wa upande huo tu. Inahitajika miwili, iliyoachana karibu nyuzi 90. Seti za zamani zilitegemea kona za kuta za nyumba. Nguzo za umeme na miti ya migrevilea tuliziacha, nyingi zimeinama.

Kwa hiyo siku hizi tunatundika timazi ya fundi mwashi, kamba ya mita 2, na uzito wake wa chini unazama kwenye ndoo ya maji ili upepo usiuyumbishe. Kwa kila mmoja wa mistari hiyo miwili, piga picha moja ikiwa na kamba na nyingine bila kamba, kamera isiguswe. Yenye kamba ni ya kupimia tu, isitokee kwenye panorama.

Tahadhari moja: usilazimishe upeo wa tambarare ukae katikati ya picha. Ukiwa mita 600 juu yake, upeo huo uko karibu nyuzi 0.7 chini ya usawa wa jicho. Na mgongo wa Kilimanjaro unateremka kweli, uache uteremke.

Seti za zamani zimepoteza karibu nyuzi 6 za kimo kwa kukatwa juu na chini. Panorama ya upande wa magharibi, yenye Mlima Meru, imekatwa mno sehemu ya mbele, itapigwa upya.